Mtarakwa Uliokuwa Unifike Begani

Mjukuu wangu akichonga penseli karibu nami, harufu ile hunihamisha kiti. Ni harufu ya mtarakwa, mti unaotengenezewa penseli, na mimi na mtarakwa tuna kesi yetu. Ngojeni niwaambie.

Baba alikuwa askari, kama Wanubi wengi wa Kibra enzi zile za mkoloni. Alipoitwa kwenda vita vya Hitila, alichimbua mche wa mtarakwa msituni, akaupanda nyuma ya nyumba, akaninong'oneza, "Ukikufika begani, mwanangu, nitakuwa nimerudi." Mama alikuwa ameshafariki. Nikabaki na haboba, bibi yangu mzaa baba, na ng'ombe mmoja mwenye kiburi.

Kila asubuhi nilijipima na ule mche. Ulinifika gotini, na gotini ukakaa. Mbaya zaidi, mimi nami nilikuwa narefuka! Nikaanza kutembea nimepinda mgongo, mpaka haboba akauliza, "We, nani amekuzeesha?" Nikazidi kujipinda. Nilikuwa mpweke, jamani, upweke wa kuzungumza na ng'ombe.

Nyasi za Kikuyu, hizo hazikuhitaji kubembelezwa. Zilitambaa hadi mlangoni. Haboba alizikata kwa mundu kumlisha ng'ombe, na kabla hujageuka zimejaa tena, nene kuliko mwanzo. Basi nikajiona nina akili! Kumbe dawa ya kukua ni kukatwa. Nikachukua mundu, nikaufyeka mtarakwa mpaka chini, nikakaa kungoja uchipuke.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kisiki kikakauka. Wallahi sijawahi kuogopa vile. Nilijua nimemuua baba.

Haboba alinikuta pale nikilia. Nikakiri kwamba nimeukata, ila sababu sikuitaja. Nilingoja kofi. Badala yake alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa shuka lake, akalia kunishinda mimi.

Miezi ikapita ndipo nikaambiwa baba hatarudi. Sikushangaa, maana muuaji nilimjua. Niliibeba hatia hiyo peke yangu hadi nikawa mke wa mtu.

Siku tulipomzika haboba, shangazi alinieleza kwamba habari za kifo cha baba zilikuwa zimemfikia kabla sijashika mundu. Alikosa tu moyo wa kuniambia. Na mimi siku ile ya kisiki nilikuwa nikimpapasa mgongo, nikimwambia, "Nyamaza, haboba, nitakupandia mwingine."