Programu yangu ilifuta Kambale

Leo machine imenirudisha kwa mutu mwenye nilichekaka. 🙈

Nilitengeneza programu ya kukumbusha bamama siku ya chanjo, kwa centre de santé moja ya upande wa Mabalako. Asubuyi infirmière, muuguzi wa pale, ananipigia simu:

«Kambale haiko kwa liste, mais iko hapa kwa mugongo ya mama yake!»

Kumbe programu ikiona ba Kambale wawili inazania ni mutoto moja, inafuta mwengine.

Huku kwetu! Kwenye kijana wa pili wa kila nyumba ni Kambale! 😭

Nikafungua ile outil yenye inatafutaka dawa ya kosa ndani ya ba code zetu za zamani. Ikaleta mistari ine ya code: usifute kama jina ya mama haifanane.

Naangalia nani aliiandika. Kahindo, mwenzangu wa bureau ya Beni!

Aliitengenezaka kwa liste ya bakulima ba kakao ba Mbau. Siku ile mi nikamuuliza mbele ya bote: «Jina ya mama inafanya nini kwa kakao?» Batu bakacheka. Nikaiweka pembeni.

Leo nikamupigia, nikaomba pardon.

«Yaya, kwetu mu parcelle, kiwanja moja tu, tuko na ba Kambale batano,» akasema. «Nilijua utarudi kwa ile mistari.»

Nikaweka mistari yake, na Kambale amerudi kwa liste. Infirmière akaacha simu wazi nisikie vile Kambale analilia shindano ya chanjo. Kilio tamu!

Donc ba Kambale bote, mupite hapa chini mumuambie aksanti sana kwa luga yetu: wasingya kutsibu, Kahindo. 🙏