Nati Inayolegea Mlimani Panzi

Saa moja asubuhi, Panzi, kusini mwa Bukavu. Venant Cirhuza amechuchumaa kando ya barabara, ananusa nati. Naam, anainusa. Waendesha pikipiki walioegesha jirani wanacheka hadi kushika mbavu.

"Fundi, leo unakula chuma?" anauliza mmoja.

Venant anainusa tena. Nati hiyo ndiyo inayoshika plato, yaani lile gurudumu la meno linalovuta cheni, kwenye baiskeli ya milimani ya Muzee Mushagalusa, mkulima wa Mumosho. Hapa baiskeli huitwa kinga. Venant ameshaikaza nati hiyo mara nyingi, kwa nguvu zake zote, na kila kinga ikipanda mlima inalegea.

Kwa mwingine hiyo ingekuwa kero tu. Lakini nyuma ya kinga hiyo huketi Bibiane, mke wa muzee, ambaye miguu yake ilikufa ganzi baada ya ugonjwa. Kila Alhamisi mumewe humleta hospitali kufanyishwa mazoezi. Alhamisi iliyopita plato ililegea njiani, cheni ikatoka, wakarudi nyumbani. Wauguzi wamewaonya: akiendelea kukosa mazoezi, huenda asitembee tena.

"Pikipiki inamurusharusha, analia," anasema muzee. "Na kinga ninaendaka pole pole. Hii ikikataa, bibi yangu atabakia mu kitanda."

Venant ana miaka arobaini na minane. Ufundi alijifunzia Kamanyola, kwa mjomba wake. Siku njema hupata faranga elfu kumi na tano. Siku ya mvua humpelekea mkewe matope.

Sasa anamgeukia Bibiane, aliyeketishwa kwenye kiti cha mbao.

"Maman, nani anapakaka mawese huku?"

"Ni miye," anajibu Bibiane, akitabasamu. "Kila dimanshi, mbele ya misa. Ile kinga njo miguu yangu. Naweza acha miguu yangu bila mafuta?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama huyu hupaka kila chuma kinachofikiwa na mkono wake, na mawese yakiingia ndani ya nati, nati huteleza na kufunguka. Muzee anacheka. Bibiane hacheki.

"Basi ni miye nilikuwa natesa papa?" anauliza, akimtazama mumewe.

Inauma kumtazama. Venant anafuta viganja kwenye suruali, anamshika mkono.

"Hapana, maman. Angalia, kutu haiko hata kidogo. Mafuta yako imechunga cheni muzuri. Upakake cheni tu, ekru, hii nati, uniachie miye."

Anaiosha nati kwa petroli, anaikausha, kisha anatoa mfukoni chupa ya rangi ya kucha ya mkewe, Constance. Wenye pikipiki wanapiga kelele: fundi anakwenda harusini! Acha wacheke. Tone moja ndani ya nati, likikauka, huizuia isicheze.

Rangi ikishakauka, muzee anaujaribu mlima peke yake, anashuka, anaupanda tena. Plato imetulia. Bibiane anabebwa, anapandishwa nyuma, tayari kwenda hospitali.

Venant anaulizwa anatamani nini maishani. Watu wengi hapa wangetaja karakana yenye paa.

"Nataka siku moja hii kinga inipite hapa iko imebeba viazi tu," anasema. "Na maman anakuja nyuma, na miguu yake."

Bibiane, ameshika kiuno cha mumewe, amemsikia.

"Nyuma?" anasema. "Nitakuwa mbele."