Mwenzangu wa Benchi la Bunda

Sifa ni zako, Ee Mungu, uliyeniamsha leo tena nikalisikia ziwa likipiga mawe, uliyeniacha nizeeke kati ya wajukuu wakati wengi wa rika langu wamelala mavumbini. Sijui nikushukuru kwa lipi kwanza. Acha nianze na benchi.

Lilikuwa benchi refu la mbao, limeegemea ukuta wa kliniki kule Bunda, mahali tulipochukulia dawa za virusi vya UKIMWI. Mimi natoka kijiji cha wavuvi, mbele ya Murangi. Zahanati yetu iko karibu na kanisa, kengele ikigongwa mgonjwa anaisikia akiwa kitandani. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na nilipoijua hali yangu niliona heri nisafiri. Sikuwa peke yangu. Sisi wa Murangi tulikwenda Bunda, wa Bunda wakaenda Musoma mjini, na wa Musoma, nilisikia, walishuka huku kwetu wakijifanya wamefuata samaki. Nadhani Mungu alitutazama tunavyopishana barabarani, akatuhurumia.

Mke wangu hakuiona dawa ile. Alifariki miaka ambayo dawa hiyo ilikuwa habari ya redioni tu, kwamba ipo ng'ambo kwa wenye uwezo. Ilipofika kwetu, tena bure, kwa michango ya mataifa ambayo hatujawahi kuyaona, nilikimeza kidonge cha kwanza nikilia. Si kwa furaha. Nilikuwa namuuliza marehemu kwa nini hakungoja kidogo.

Pale kwenye benchi nilimkuta mama mmoja mjane, mkulima wa pamba kutoka nyuma ya Kiabakari. Siku hizo shida yetu kubwa ilikuwa mlio. Vidonge vinalia ndani ya kopo ukitembea, na ndani ya gari kila mtu anageuka. Yeye alikuja na pamba ya shambani kwake, ameifunga kwenye pindo la khanga, akamgawia kila mmoja wetu kibonge.

"Shindilieni, ndugu zangu," alisema. "Mtakwenda mnalia kama manyanga mpaka lini?"

Tukacheka. Tangu hapo tukawa tunakaa pamoja. Kwenye benchi hatukuulizana majina, ndiyo ilikuwa desturi yetu. Tulipatana tu kwamba mtu akituuliza, sisi ni mashemeji. Mimi nilimletea furu, vile visamaki vya ziwani, waliokaushwa, yeye akaniletea michembe ya viazi vitamu, na kila tarehe ya kliniki alianza kwa kunichokoza.

"Shemeji, nyie watu wa ziwani hata uji mnapikia samaki?"

"Na nyie wa nchi kavu mnaogaga lini? Mvua ikinyesha?"

"Tunaoga. Ila hatujisifii."

Miaka ikapita hivyo. Nitasema ukweli mbele za Mungu: tarehe ya dawa ilipokaribia, nilikuwa nafua kanzu yangu nzuri.

Kisha mambo yakabadilika. Asubuhi moja muuguzi alisimama mbele yetu, mikono ameikunja kama mtu anayetangaza msiba. Alisema misaada ya nje imepungua, chumba chetu kitafungwa. Utaratibu sasa ni tiba kwa wote, mahali pamoja, karibu na nyumbani: mwenye malaria, mwenye presha, na sisi. Dawa zipo, na bado ni bure. Wengine walipiga makofi. Shemeji yangu alikuwa anafunga na kufungua pindo la khanga.

Tulipotoka nje nilimuuliza kulikoni.

"Unamjua mganga wa zahanati ya kwetu?"

"Sijawahi kumwona."

"Ni mkwe wangu. Aliyemuoa binti yangu wa mwisho."

Kwetu Mara mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia apite mwenzake. Kitu cha kumpa unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakuja kukiokota.

"Nitamwelezaje habari za mwili wangu?" akasema. "Afadhali dawa ziishe, nimfuate mume wangu."

"Usiseme hivyo, shemeji."

"Nimeshasema."

"Nenda Musoma basi."

"Huko nako wanaambiwa warudi kwao. Na haya magoti yangu yatapanda magari mpaka lini?"

Gari la kwenda kwake likaja, akapanda bila kuniaga vizuri.

Mimi nilirudi kijijini. Binti yangu anayeishi Bweri, Musoma mjini, alikuwa ameshaniandikisha kwenye bima pamoja na familia yake, kwa ajili ya presha na mengine ya uzee, akanisihi nisiogope zahanati ya nyumbani. Siku ya kwanza nilipanga foleni nimeshusha kofia mpaka machoni. Aliyekuwa mbele yangu, mwimbaji wa kwaya yetu, alinisogezea nafasi, akaendelea kulalamika habari za nyavu zilizoibwa. Nilipewa dawa, nikaondoka. Nilikuwa nimesafiri miaka yote kwa ajili ya jicho ambalo halikunitazama.

Lakini mwenzangu je? Nilijua dawa alizobeba zingeisha wakati wa kuchuma pamba. Wakati huo ulipofika, kila nilipopiga magoti niliiona sura yake. Namba ya simu sikuwa nayo, jina sina. Mwisho nikafunga furu kwenye mfuko, nikapanda gari mpaka Kiabakari. Pale barabarani nikamwambia wa bodaboda anipeleke nyumbani kwa mama mkwe wa mganga.

"Wa daktari wa zahanati? Panda, mzee. Shika vizuri, huko mawe tupu."

Uani nilimkuta mwanamke kijana anapeta mtama. Akanipa kigoda, akaniamkia, akaniuliza mimi ni nani.

"Ni shemeji yake mama."

"Shemeji wa wapi?" Ungo ukasimama hewani. "Baba yangu alizaliwa peke yake."

Nikatazama chini. Nikakumbuka kwamba hata uongo mdogo una siku yake. Mara sauti ikatokea nyuma ya ghala:

"Mkaribishe huyo! Ni shemeji wa Bunda. Nasikia harufu ya furu toka shambani."

Alikuja na mfuko wa pamba kichwani, amenenepa, anacheka. Nilisimama, nikampokea mfuko, nikakaa tena. Binti alipoingia jikoni kupika, nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Unameza?"

"Nameza."

"Unachukulia wapi?"

"Kwa mkwe." Akavuta kigoda karibu. "Sikiliza, shemeji. Zilipobaki chache nilikwenda, nikakaa nje mpaka watu wakaisha. Akatoka, akaniona, akarudi ndani kama aliyeona chui. Nikasema basi, nimeaibika. Kidogo nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Ameweka kopo juu ya kigoda, yeye kasimama kule, kanipa mgongo, anaongea na ukuta: 'Mwenye dawa zilizohamishiwa kutoka Bunda achukue. Presha atapimwa na nesi.' Mpaka leo ni hivyohivyo."

"Hamjasemezana?"

"Tusemezane! Unataka mvua igome?"

"Na siri yako?"

"Ataanzia wapi kunitangaza, wakati hata jina langu hawezi kulitaja? Kumbe Mungu aliniwekea mtunza siri nyumbani, mimi nahangaika na magari."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, naye akaitikia amina. Mwili wangu ulikuwa mwepesi. Hata hivyo, palepale hofu ilipotoka, nilihisi kitu kingine kimeingia kukaa.

"Kwa hiyo Bunda huji tena."

"Nije kufuata nini? Nikitoka ng'ombe wanaingia kwenye pamba." Kisha akanitazama. "Na wewe umepata karibu?"

"Karibu sana."

"Basi tumepona safari."

"Tumepona," nikasema.

Tulikula. Alinisindikiza mpaka barabarani, polepole, kwa ajili ya magoti yake, na mimi nikajifanya yangu yanauma zaidi. Jina lake sikumuuliza. Gari liliposimama alisema, "Nenda salama, shemeji wa uongo," na alibaki amesimama pale mpaka vumbi likamficha.

Sasa siku ya dawa naimaliza kabla umande haujakauka. Hakuna nauli, hakuna kujificha, hakuna kuamka gizani. Ndicho tulichokiomba kwa miaka, na Mungu ametupa. Ni haki yake nisinung'unike. Ila narudi nyumbani mapema, natundika kanzu, na siku inabaki ndefu, sina wa kunichokoza.

Nawe unayesoma, Bwana akupe tiba mlangoni pako usipate kutaabika njiani, akuzungushie watu wanaokutunzia siri. Na kama yupo aliyeketi nawe siku za shida, akujalie umwone tena, hapa au kwake aliko Yeye. Amina.