Kisahani cha Pini

Tangu ile homa ya kifua ilipoingia mjini, Fundi Mita alikuwa hajaumwa hata siku moja. Jina lenyewe la utani lilitokana na homa hiyo, kwa kuwa mteja aliyefika dukani kwake alisimamishwa mita moja nje ya mlango, akarushiwa utepe wa kupimia, akajipima kifua na kiuno mwenyewe huku fundi akimwelekeza kwa sauti.

"Na suruali ikiwa tayari, utanirushia pia?" wateja walimtania.

"Nitakurushia. Kazi yako ni kudaka."

Hakuna aliyemtoa katika msimamo huo. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, aliyebakiwa na pafu moja zima, na daktari alikuwa amesema pasipo kuzunguka kwamba homa ile ikimfikia bibi huyo, hatainuka.

Jambo moja tu lilimshinda fundi, nalo lilikuwa mazoea ya kazi. Akunjapo upindo wa nguo, mikono yote miwili hushika kitambaa na pini hukaa midomoni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa; bila pini midomoni, vidole vyake vilipotea njia. Barakoa ikashushwa kidevuni kila mara, naye hakuona hatari, maadamu pini zilitoka katika kisahani chake cha bati, juu ya meza yake.

Meza hiyo aliitumia pamoja na shemeji yake, fundi mwenzake na mume wa dada yake mdogo, mtu wa maneno matamu na mzaha usiokauka. Shule zilipokaribia kufunguliwa, sare zilijaa hadi dirishani. Shemeji akawa anakuja na macho mekundu na sauti ya kukwaruza.

"Vumbi la vitambaa, shemeji," alisema. "Hizi khaki zitatuua."

Asubuhi moja Fundi Mita aliamka viungo vikimuuma, na chai aliyoinywa haikuwa na harufu wala ladha. Alikwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa ni homa ile ile. Hakurudi ndani ya nyumba. Akiwa amesimama barabarani alimpigia simu dada yake aje amchukue mama.

"Naogopa, kaka," dada alijibu. "Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nainuka kitandani. Si mume wangu alituletea homa hiyo wiki iliyopita? Alipimwa kabisa. Kwani hakukuambia?"

"Wiki iliyopita mumeo alikuwa kazini."

"Aliniambia mmekubaliana aendelee kushona."

Fundi alikata simu bila kuaga. Alikwenda dukani akitweta, akasimama mlangoni, na alichokiona kikamchoma kuliko homa. Shemeji alikuwa akikunja upindo wa sketi. Alipomaliza, alizitoa midomoni pini zilizobaki na kuzirudisha katika kisahani cha bati, zikiwa zinang'aa kwa mate.

"Toka."

"Shemeji, vipi tena?"

"Ulijua unaumwa, ukaja ukaketi hapa!"

"Kalikuwa kamafua tu. Na sare zote hizi angeshona nani? Halafu ningekuambia, ungenifukuza."

"Ndiyo! Ningekufukuza! Ndiyo maana mtu huambiwa! Jana nimekula na mama. Nimemshika mkono nikampeleka chumbani. Umenifanya mimi, mwanawe, nimpelekee kifo kwa mkono wangu! Toka kabla sijakushika, maana mita yangu leo haina maana tena."

Shemeji alitoka bila mzaha.

Fundi akahamia dukani, akalala juu ya marobota ya khaki, na jirani akachukua zamu ya kumtazama mama. Kila asubuhi alijikokota hadi nyumbani, akasimama ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la mama, akasikiliza.

"Unakohoa, Mama?"

"Nakohoa tangu hujazaliwa. Unauliza kikohozi kipi?"

Hakucheka. Kila kikohozi kilipotoka dirishani, alimlaani shemeji yake upya. Lakini kilikuwa kile kile cha siku zote, kikavu na kifupi, na muuguzi aliyempima mama mara mbili alisema hana homa hiyo.

"Msamehe mwenzako," mama alisema kupitia dirishani. "Mimi si huyu hapa?"

"Upo, Mama. Lakini si kwa hisani yake."

Fundi alipopona, shemeji alimfuata dukani, akaingia akitabasamu. "Mama mzima, wewe mzima. Basi yamekwisha, shemeji."

"Hayajaisha. Shika upande huo."

Wakaibeba cherehani ya shemeji hadi ukuta wa mbali. Kisha fundi akamtupia kimto kidogo alichokishona kwa mabaki ya khaki, chenye mkanda wa kufungia mkononi.

"Pini zako ni humo. Siku nikikuona nazo mdomoni, utatafuta duka jingine, na dada yangu atasikia sababu kwangu."

Kisahani cha bati alikuwa amekitupa. Naye akajifunga kimto kama hicho, akapandisha barakoa, akaanza kukunja upindo. Ulitoka umepinda kama wa mwanagenzi. Akaufumua, meno yameumana kwa hasira, akaanza tena.