Husna na Maji Yake ya Alhamisi

"Toa mawe yako kwenye mfereji, halafu ndiyo tusalimiane," Husna alisema. Jembe lilikuwa begani, na miguu yake imesimama katikati ya njia kama nguzo mbili za lango.

Kristian alikuwa ameshafungua mdomo kutoa shikamoo. Akaufunga. Nyuma yake wageni wake wawili, mume na mke, walikuwa wameshikilia baiskeli zenye matairi manene, matope mpaka magotini, wakitabasamu bila kujua wanatabasamia nini.

"Mama Issa, shikamoo kwanza."

"Marahaba yangu haimwendei mtu aliyeninyima maji. Leo ni Alhamisi, zamu yangu. Nimefungua maji alfajiri, nimekaa shambani nayasubiri kama anayesubiri bwana harusi. Kumbe bwana harusi ameishia kwa shangazi yako."

Akaonyesha kwa mdomo. Pale njia ya baiskeli inapotoka msitu wa Magamba, inavuka mfereji ndipo ishike ukingo wake kwenda vijijini. Jana yake mchana, mfereji ukiwa mkavu, Kristian alipanga mawe na vipande vya mgomba ndani yake ili magurudumu ya wageni yavuke bila kuruka. Alikusudia kuyatoa wakati wa kurudi. Wageni wakachoka, wakarudi Lushoto kwa barabara kuu, na yeye akarudi nao. Mawe akayasahau. Alfajiri maji yakaja, yakagonga mawe, yakapanda, yakamwagika upande wa chini. Na upande wa chini palikuwa na kabichi za Eliza, shangazi yake Kristian, dada wa marehemu baba yake.

"Ni kosa langu, mama," Kristian alisema. Hakuwa mtoto. Alikuwa na mke na nyumba yake, na kijiji kizima kilimjua kama mwongoza wageni asiye na makuu.

"Kosa lako, sawa. Ila mbona halikumwangukia mtu mwingine? Milima yote hii, maji yangu yakachagua kabichi za ukoo wenu."

Eliza akainuka kutoka kwenye kabichi zake, kanga imekunjwa mpaka magotini, miguu imezama kwenye tope.

"Husna, hapo unamwita nani mwizi?"

"Mwenye kabichi zilizolowa ndiye ajibu."

"Sema neno lenyewe, tulisikie."

"Mwizi wa maji," Husna alisema. "Umesikia?"

Hata mgeni wa kike, asiyejua Kiswahili zaidi ya pole na asante, aliacha kutabasamu. Kwenye milima ile mwizi wa kuku husamehewa. Kuku ni mboga ya siku moja. Mwizi wa maji anakula mboga ya mwaka wa mwenzake, na jina hilo humfuata mtu mpaka kwa wajukuu.

Eliza hakupiga kelele. Alinawa mikono polepole kwenye maji yaleyale yaliyokuwa yakigombewa.

"Maji yamekuja yenyewe, sikuyaita," alisema. "Na wewe ulikuwa wapi? Tangu lini mwenye zamu anafungua banio kule mtoni akaondoka? Maji hufuatwa, Husna. Unatembea nayo, jembe mkononi, kutoka msituni mpaka shambani kwako. Yako umeyaacha yatembee peke yake kama mbuzi asiye na mchungaji, wewe ukapanda bodaboda. Twaha aliyekubeba ameshasimulia kijiji kizima."

Hapo Husna akahamishia jembe bega la pili. Ilikuwa kweli. Goti lake la kulia lilianza kuvimba tangu masika, na njia ya mfereji ni ndefu, inazunguka kila tumbo la mlima. Alfajiri ile alijiambia kwamba mara moja tu haina neno. Akayafungulia maji, akapanda pikipiki ya Twaha pale barabara ya msituni inapopita karibu, akawahi shambani. Hakumwambia mtu habari za goti. Mwanamke mkulima akitangaza goti, watu huanza kuuliza bei ya shamba lake.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo, karoti tupu, zimechipua juzi, nyembamba kama nyuzi. Karoti ikishachipua haitaki mzaha. Ikikauka wiki ya kwanza, haifufuki hata uiogeshe maziwa. Na kwenye karoti hizo Husna alikuwa ameshaona bati jipya la nyumba yake, kabla ya vuli, maana la zamani lilikuwa limegeuka chujio. Zamu yake nyingine ilikuwa Alhamisi ijayo. Karoti zisingefika.

Mchana ule walikwenda kwa mzee Ramadhani, msimamizi wa mfereji. Mzee alisikiliza wote watatu huku akichambua njegere. Kristian alisema yuko tayari kulipa hata kwa fedha. Mzee akamtazama kama mtu aliyeuliza bei ya msikiti.

"Fedha karoti hazinywi," alisema. "Maji hulipwa kwa maji. Kristian, una deni la zamu moja. Habari za nani mwizi sizitaki hapa, kalipaneni wenyewe."

Shida ni kwamba Kristian hakuwa na zamu yake. Ardhi ya baba yake ilikuwa mkononi mwa shangazi, na zamu ya nyumba yao, ya Jumamosi, ilikuwa ya Eliza. Kila aliyekuwepo alijua kwamba kabichi za Eliza zilishakunywa za kutosha, na kwamba zikinyweshwa tena baada ya siku mbili zitaoza shina. Eliza naye alijua.

"Jumamosi nitafungua maji yangu," alisema akisimama, "hata kama ni ya kunawia miguu. Nimeitwa mwizi. Mwizi hatoi sadaka."

Husna alizaliwa Muheza, chini kwenye joto, binti wa Athumani muuza machungwa. Baba yake alikuwa na baiskeli nyeusi nzito, na Husna aliijua baiskeli kabla hajajua kupika. Miguu haikufika pedali kwa juu, kwa hiyo alipenyeza mguu mmoja chini ya chuma cha juu cha fremu, akaendesha amejikunja kama kaa, kikapu cha machungwa kimefungwa nyuma. Alipovunja ungo bibi yake alisema basi, inatosha, na baiskeli ikaishia hapo.

Salimu, kijana wa huku milimani, alimkuta sokoni. Alikuwa ameshusha kabichi za Lushoto, Husna akamwambia kabichi zake zina minyoo, wakabishana mpaka soko likafungwa. Mwaka huohuo akamwoa. Wiki za kwanza milimani Husna alilia kwa baridi, akavaa magauni matatu kwa mpigo, akauliza kama jua la huku huwa linakuja siku gani. Mama mkwe ndiye aliyempeleka kwenye mfereji. Alimfundisha kusikiliza maji gizani, kujua kwa sauti kama ukingo umetoboka, kuziba tundu kwa bonge la udongo na majani na kulikandamiza kwa kisigino. Alimfundisha pia kwamba mwenye zamu asipokuwepo banioni jua linapogusa jiwe kubwa, zamu inakwenda kwa anayefuata, na hakuna kulalamika. Mama mkwe alikufa, Salimu akamfuata, mwanawe Issa akaenda Tanga kufanya kazi bandarini. Husna akabaki na shamba, ulimi na Eliza, jirani wa ukingo mmoja, ambaye walikuwa wakiazimana chumvi na kutaniana kwa dini zao. Eliza Mlutheri alikuwa akimwambia, "Ukifa nitakuimbia kwaya." Husna alikuwa akijibu, "Basi sifi."

Ijumaa hakukuwa na utani. Husna alifunika karoti kwa majani mapana ya jimbi, yale yanayoota kando ya mfereji, na kuzinyunyizia kwa ndoo kutoka bombani. Ndoo ya kwanza ilikwenda, ya pili ilikwenda na machozi, ya tatu goti likakataa. Alikaa kwenye tuta na kutazama shamba ambalo robo yake tu ilikuwa imelowa.

Kutoka pale alisikia nyundo. Kristian alikuwa kwenye kivuko, anapigilia mbao mbili nene juu ya mfereji, juu kabisa, maji yapite chini bila kuguswa. Husna akaenda akichechemea kukagua.

"Huu nao utaoza."

"Ni mkaratusi, mama. Utaoza mimi nikiwa babu."

"Sogeza huo wa kushoto. Mgeni akianguka hapa utasema nimemloga."

Kristian akausogeza. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema, "Goti ni la kulia au la kushoto?"

"Goti gani?"

"La bodaboda."

Husna aliukanyaga ubao kuujaribu, kwa mguu wa kushoto. "La kulia," alisema mwishowe. "Na ukimwambia mtu, mbao hizi nitazipikia ugali."

Jumamosi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, mlango uligongwa.

"Onga maundo, mama."

"Niwedi," Husna alijibu salamu hiyo ya asubuhi ya Kishambaa, ambayo baada ya miaka yote bado aliisema kwa lafudhi ya Muheza. Akafungua. Kristian alikuwa na baiskeli mbili na jembe moja.

"Shangazi ameondoka na gari la kwanza kwenda Kifungilo. Leo wazazi wanaitwa shuleni kwa bintiye Janeth. Ameniambia mimi niende kufungua maji, maana ni mtu wa nyumba yake."

"Umekuja kunitangazia?"

"Amesema nimnukuu vizuri." Kristian akakohoa, akaiga sauti ya shangazi yake. "'Mimi sipo, siwezi kuona. Yakipita kwenye kabichi zangu bila kugeuka, mimi macho yangu yako Kifungilo. Lakini mwenye karoti ayafuate mwenyewe tangu banioni. Sitaki tena kupokea mbuzi wa watu asiye na mchungaji.'"

Husna alilitazama goti lake, akazitazama baiskeli.

"Twaha yuko wapi?"

"Hakuna Twaha. Pikipiki haipiti kwenye ukingo. Hii inapita." Akampa usukani wa baiskeli ndogo, ile ya mgeni wa kike. "Njia ya msituni tutazikokota polepole. Kurudi ni tambarare."

"Nina umri wa mama yako."

"Mama yangu hajui kuendesha. Wewe mzee Ramadhani amesema unajua. Anasema Salimu alikuwa akijisifu."

Husna akavaa suruali ya mvua ya marehemu, akafunga kanga juu yake, akasema atakayecheka atakiona. Wakapanda msituni kabla jua halijafika, chini ya mikaratusi, kisha chini ya miti ya asili yenye ndevu za ukungu. Waliufikia mto na banio lake jua bado halijagusa jiwe. Kristian alilifungua, maji yakaingia mfereji kwa sauti ile ya mtu anayejikohoza kabla ya kuongea.

Halafu Husna akapanda.

Mara ya kwanza alikwenda kombo mpaka kwenye jimbi. Mara ya pili alikumbuka. Mwili una mambo yake. Unasahau chakula cha jana lakini hausahau jinsi ya kukaa juu ya magurudumu. Pedali ilizunguka, na goti, ambalo lililia kwa kila hatua ya mlima, halikusema kitu. Ndipo alipoelewa njia ile. Waliochimba mfereji waliupa mteremko mdogo, wa kutosha maji kutembea, usiotosha kuyatia wazimu. Maji hayapendi kupanda wala kuporomoka, na goti vivyo hivyo.

Yalikuwa yakienda pembeni yake, yamebeba majani makavu mbele kama mtu anayefagia. Yalipochelewa, alisimama kuyasubiri. Palipovuja, alishuka, akaziba kwa bonge na kisigino, akapanda tena. Msitu ukaisha, bonde likafunguka, mashamba yakashuka ngazi kwa ngazi mpaka paa za bati zilizoanza kutoa moshi. Kristian alifuata nyuma kimya. Alikuwa mwongozaji mzuri kwa sababu alijua wakati wa kunyamaza.

Kwenye kivuko maji yalipita chini ya mbao bila kuziona. Yalipita kwenye kabichi za Eliza, na Kristian akageuza uso kuangalia mlima, kwa heshima ya aliyekuwa Kifungilo. Yakaingia kwenye karoti. Husna alisimama katikati ya matuta, akayagawa kwa jembe huku na huku, mpaka nyuzi zile za kijani zikasimama kwenye udongo mweusi.

"Deni lako limeisha," alimwambia Kristian.

"Hongea, mama," Kristian alishukuru kwa Kishambaa.

"Sasa shikamoo yako iko wapi? Tangu Alhamisi naidai."

"Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo baiskeli Alhamisi uilete, mgeni wako atatafuta nyingine."

Jioni Eliza alirudi, vumbi la barabara kwenye viatu vya kanisani. Husna alikuwa ameketi kizingitini kwa Eliza, akimsubiri. Hakuleta kikapu wala kuku. Alijua mwenzake angevirudisha.

"Janeth hajambo?"

"Hajambo. Amekuwa mrefu, hesabu zilezile."

"Nimekuja kulichukua neno langu la Alhamisi," Husna alisema. Alilisema haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Lile la mwizi. Halikuwa lako. Maji sikuyafuata."

Eliza alivua kiatu kimoja, akakung'uta vumbi, akavua cha pili.

"Lilikuwa zito," alisema. "Nimelibeba mpaka Kifungilo na kurudi nalo. Haya, lichukue." Akaingia ndani, na sauti yake ikatoka jikoni. "Eti umepita na baiskeli mbele ya kanisa?"

"Mbele ya kanisa na mbele ya msikiti."

"Umevaa nini?"

"Suruali ya Salimu."

Eliza akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amekizuia siku tatu. Alipotoka alikuwa na kigoda cha pili mkononi, na kikombe kitupu.

"Chumvi imeniishia," alisema. "Kalete, halafu ukae unisimulie tangu banioni."