Bei ya Mkwaju wa Mzee Saidi

Leo nimekwama juu ya mti kwa bei niliyoitaja kwa mdomo wangu mwenyewe.

Juzi Mzee Saidi wa hapa Nyamwage aliniita nimkatie mkwaju wake.
Nikalipima shina kwa kulikumbatia, kama tunavyopima sisi wakata miti. Nikasema shilingi kumi.
Hakuomba nipunguze. Akalipa zote palepale, nami nikazipeleka moja kwa moja bomani. Kodi ya kichwa ilishanikaba.

Leo asubuhi nimepanda na shoka langu, natazama chini.
Jiko la jirani yake, Bi Zuhura. Limeezekwa makuti mapya, na matawi yote yako juu yake.
Mti wa hivyo hauangushwi. Kila tawi unalifunga kamba, unaliteremsha polepole. Kazi ya siku tatu hiyo.

Nikaita kutoka juu, "Mzee, hii ni ishirini."
Akajibu bila hata kuinua kichwa, "Basi shuka, unirudishie kumi zangu."
Kumi zipi? Mfukoni nina stakabadhi ya kodi tu.

Bi Zuhura naye akatoka na mwiko mkononi. "Fundi, kwani juzi hukuliona jiko langu?"
Juzi niliona mti, jamani.

Mpaka jioni nimeteremsha matawi matatu, vidole havikunjiki.
Nimeshuka, Mzee akaniletea uji. Akanambia kwa upole kabisa, "Bei ilikuwa yako, mwanangu. Mimi sikupunguza hata senti."

Nyie mngemjibu nini?
Mimi nilikunywa uji.