Kafumbi wa Kijani na Ndoa ya Mjukuu Wangu

Sisi wa kambi ya Panda hatupokei mahari kabla kafumbi hajazaa. Anayeona ni upuuzi aende akaoze watoto wake kwingine.

Kafumbi ni mnyama wa nyumbani, mkubwa kama paka, masikio marefu, mkia wa kuburuta. Hakamati panya. Halindi parseli, yaani ua wa nyumba. Mwizi akiingia, kafumbi anamsogelea akunwe mgongo. Kazi yake ni moja tu: kuvaa manyoya ya nyumba yenu. Wa kwetu ni weusi wenye mkanda mweupe tumboni, tangu baba ya marehemu mume wangu alipokuja kuajiriwa kwenye mgodi wa shaba.

Mjukuu wangu alipochumbiwa na fundi wa kuchomelea kutoka Shituru, kule kwenye kiwanda cha shaba, watu wao wa asili ya Kasai, tulifanya kama desturi inavyotaka. Kafumbi wa kwao ni wa kahawia wenye milia. Jike letu likapelekwa kwao, likafungiwa jikoni pamoja na dume lao, kisha likarudi kwetu kuzaa. Mtoto akitoka na mkanda na milia, nyumba mbili zimekubaliana. Akitoka na sura nyingine, vinywaji vya uchumba vinarudishwa na msichana anabaki kwa baba yake.

Mjukuu wangu alikuwa ameshashona mapazia ya chumba ambacho hakipo bado. Siku jike lilipoanza uchungu alikaa kando ya kikapu na rozari, akiombea milia. Nikamwambia Bikira Maria ana kazi nyingine. Akaendelea.

Akazaliwa mmoja. Kijani.

Na si kijani cha kubahatisha. Kijani cha malakiti, yale mawe ya shaba ambayo vijana wanayasugua na kuyauza barabarani, pete ndani ya pete. Mjukuu wangu akamfunika kwa mikono, kama vile angeiva rangi nyingine mle ndani.

Wakwe wakaja Jumapili baada ya misa. Shangazi ya bwana arusi aliingia mbele, mwanamke mpana, kitenge kimekakamaa kwa wanga. Nyuma yake mjomba, mstaafu wa kiwanda. Nyuma kabisa bwana arusi mwenyewe, amebeba kreti ya bia. Niliwaandalia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kwa sababu aibu haizuii watu kula. Shangazi akachungulia kikapu. Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mamu," akaniambia, "ile jike yenu ilitembea."

"Itembee wapi? Ilikuwa mu jiko yako. Na ufunguo ulikuwa ku shingo yako."

"Pengine ilipita ku dirisha."

"Basi ile si jiko. Ni soko."

Mjomba akacheka, akapata kiwiko cha ubavu kutoka kwa shangazi. Alipopumua tena akainua mkono kama padri. "Bamama, mutulie. Ile si rangi yake. Ni vumbi ya kiwanda. Miye nilikuwa narudi ku nyumba na soksi za kijani. Hata mutoto wangu wa kwanza, nilimubeba siku moja tu, shati yake ikakuwa kijani. Tumuoshe."

Maneno yalikuwa na maana. Shituru hata kijiko ukikisahau nje kinageuka kijani. Tukaleta beseni. Akaoshwa kwa sabuni ya kipande, maji ya kwanza, maji ya pili. Mwanangu, baba ya bibi arusi, akaongeza limau na majivu, kama tunavyosugua sufuria. Kafumbi akatoka anang'aa. Pete ambazo hatukuwa tumeziona zikajitokeza mpaka masikioni.

"Eh," akasema mjomba. "Ndo tumeongeza."

Hapo nikaona inatosha. Kila mwanamke wa kambi anajua jinsi manyoya yanavyorithiwa. Mkanda unatosha kutoka kwa mzazi mmoja. Mkanda una kelele. Kijani ni rangi ya kimya. Inalala ndani ya nyumba, kizazi hata kizazi, chini ya weusi, chini ya milia, bila kukohoa. Haiamki mpaka baba ameileta na mama ameileta.

"Kijani haitembei na muguu moja," nikamwambia shangazi. "Muguu moja ilitoka kwetu, ya pili ilitoka kwenu. Huyu ni mutoto ya dume yenu. Mumupokee."

Mwanangu akafungua bia. Mjukuu wangu akaanza kupumua.

Shangazi alitafuna kwanza. Kisha uso ukamfunguka, kama mtu aliyeokota sindano yake iliyopotea.

"Kumbe," akasema. "Kama kijani iko kwenu na iko kwetu, ilitoka ku nyumba moja. Siye ni bandugu. Na bandugu habawezi kuoana."

Kambini hiyo ni sheria: manyoya mamoja, damu moja.

"Nkambo!" mjukuu wangu akanililia mimi bibi yake. "Ungenyamaza tu!"

Bwana arusi akasimama mlangoni, akamtazama mchumba wake, akamtazama mjomba. "Sasa nimuite yaya, dada yangu?"

"Ukae," mjomba akamwambia.

Kafumbi asiye na nyumba hafugwi. Anapelekwa kwenye mto Lufira, kule Mwadingusha, anaachwa kwenye nyasi. Mimi si mtu wa kuzungusha mambo. "Basi," nikasema, "kesho tunamupeleka. Mama, umubebe weye, uko naye tayari."

Maana tangu beseni, shangazi alikuwa amempakata, amemviringisha kwa pembe ya kile kitenge cha wanga, anamkausha masikio.

"Kule iko baridi," akasema.

"Iko na manyoya."

"Bado iko na mayi ku masikio."

"Itakauka mu njia."

Akamvuta karibu. "Haendi. Ni yetu."

"Ni yetu," nikajibu.

"Si umesema weye mwenyewe nusu ni ya kwetu?"

"Na nusu ya kwangu? Niikate?"

Mnyama alikuwa amelala, ananyonya kidole cha shangazi.

Iko sheria ya zamani kuliko ile ya undugu: kafumbi wa nyumba mbili anaishi pale nyumba hizo mbili zinapokula chungu kimoja. Sikuitaja. Nilimwongezea shangazi bukari, nikangoja. Alikuwa anaijua kama mimi. Mjomba ndiye aliyechoka kwanza.

"Basi hawa batoto baoane, kafumbi ipate fasi ya kulala."

"Ni bandugu!" shangazi akasema, lakini kwa sauti ya kutomwamsha mnyama.

"Ni bandugu ba manyoya. Tutabanyoa."

Shangazi akamfunika kafumbi vizuri kwa kitenge. Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Asilale chini. Na usimupe maganda ya muhogo. Huyu ni wa samaki."

Hivyo ndivyo mahari ilivyopokelewa.

Kanisani padri, ambaye si wa hapa, akauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote kwa ndoa hii. Watu wa Panda na watu wa Shituru, wote pamoja, wakageuka kumtazama kafumbi, aliyekuwa mapajani mwa shangazi na utepe mweupe shingoni. Shangazi ni mwanamke mkweli, hilo nampa. Nilimwona akivuta pumzi, akifungua mdomo.

Nikamkanyaga mguu, kisigino chote. Padri akaendelea.